Wifi Aliyemwonea Wivu Tumbili

Wifi yangu anakata ubongo. Sitanii, ndiyo kazi yake. Wengine wanakata nywele, wengine kama mimi wanakata vitambaa, yeye anakata ubongo wa tumbili vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nyumbani tunamwita Mama Slesi. Jina hilo nililitunga mimi, tena kwa ubaya, nikitaraji limuudhi. Likamkaa kama nguo iliyopimwa mwilini. Baadaye mume wake, ambaye ni mdogo wangu wa kiume, akaanza kumwita hivyo kwa mapenzi, nikaona kumbe hata kejeli yangu nimenyang'anywa.

Niseme mapema tusisumbuane: nina kijiba cha roho juu ya mwanamke huyu tangu siku nilipomtia machoni, na sioni haya kukitamka. Akiumwa naenda kumwona. Akifiwa nalia naye. Lakini mdogo wangu nilimlea mimi, mama yetu alipofariki angali mtoto wa kushikwa mkono, na mtu uliyemlea akichukuliwa na mwingine unaweza kucheka harusini, ukapiga vigelegele, ukapigwa picha, na roho bado inakuuma.

Mdogo wangu ni mchoraji wa mabango. Kibanda chake na changu vilikuwa pua na mdomo, mimi na cherehani yangu, yeye na makopo yake ya rangi. Kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, wote mtaani kwetu walijitangaza kwa mkono wake. Alikuwa anavuta mstari bila rula, kwa pumzi moja, kutoka ukingo huu wa bango hadi ule, na wapita njia walisimama kumtazama. Mimi ndani ya kibanda changu nilikuwa navimba kichwa, utadhani mstari ule nimeuvuta mimi.

Ndipo siku moja akaja huyu mwanamke, mwembamba, koti jeupe mkononi, akauliza kama tunauza brashi.

"Brashi siuzi, natumia," mdogo wangu akamwambia. "Unataka ya kuandikia nini?"

"Siandiki. Nainulia vipande. Nataka ndogo kabisa, isiyonyonyoka."

"Vipande vya nini?"

"Vya ubongo."

Mtu mwingine angemwona mwehu. Mdogo wangu alicheka hadi akaweka kopo chini. Akataka aelezwe yote. Yule mwanamke akaeleza, pale pale amesimama juani, kwamba kipande kikishakatwa huelea kwenye kibakuli cha maji, na inabidi ukinyanyue kwa ncha ya brashi na kukilaza juu ya kioo pasipo mkunjo hata mmoja, na kwamba brashi za kazini kwao zinapukutika, na unywele mmoja ukidondoka juu ya kipande, kwenye hadubini unaonekana kama barabara. Mdogo wangu akamchagulia brashi, akaichonga kwa wembe, akaipitisha mdomoni kusikia ulaini wake.

"Jaribu hii. Ikikushinda urudi."

Ikamshinda. Au alidai imemshinda, maana alirudi, akarudi tena, akarudi tena. Hakuna brashi inayoharibika upesi namna hiyo, na mimi si mjinga. Gauni la harusi nililishona mwenyewe. Nilijikaza kisabuni, nikalishona vizuri, kwa sababu kazi ni kazi.

Waliishi vizuri, lazima niseme. Watoto hawakujaliwa, wakawa wenyewe kwa wenyewe, chanda na pete. Jioni walikaa baraza moja, yeye anasimulia mambo ya maabara, mume anachonga brashi. Nikipita nilikaribishwa kiti. Nilikuwa nakaa kidogo tu, kwa sababu wakicheka wawili hao walikuwa wanacheka kabla mimi sijajua kinachochekesha.

Halafu ugonjwa ukaja, na ulivyokuja ndicho kitu ambacho mpaka leo kinanichoma.

Haukuanza kwa kutetemeka. Ulianza kwa herufi. Mdogo wangu aliandika bango la duka la vitanda, herufi ya kwanza kubwa na nene kama kawaida yake, ya pili ikapungua kidogo, ya tatu ikapungua, hadi mwisho wa neno ikawa ndogo ya kuandikia daftarini. Mwenye duka akaja juu. Mimi nikamtetea mdogo wangu kwa mdomo, lakini moyoni nilidhani ameanza uvivu, nikamwambia aache kuangalia saa ya kurudi kwa mkewe na atulie na kazi. Nilikuwa nakaa naye ukuta kwa ukuta, namsikia hata akikohoa, na hicho ndicho nilichokiona: uvivu.

Wifi alipita kumchukua jioni ile. Bango lilikuwa limeegemezwa nje, halijachukuliwa. Alilitazama mara moja tu, akiwa hata hajatusalimu, na uso wake ukabadilika.

"Umeanza lini kuandika hivi?" akamuuliza.

"Hivi vipi?"

Alimshika mkono wa kulia, akaukunja kwenye kiwiko, akaukunjua, taratibu, huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza bawaba ya mlango. Mdogo wangu akacheka, akamwambia watu wanatazama. Yeye hakucheka. Kwa kutazama bango tu, mwanamke huyu alimjua mdogo wangu kuliko mimi niliyeshinda naye. Hospitali waliposema jina la ugonjwa, wiki kadhaa baadaye, kwake halikuwa habari.

Mimi ndiye niliyehitaji kuelezwa. Akanieleza kwenye meza yao ya chakula, kwa uvumilivu ambao ulinikera.

"Wifi, chini kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini. Zenyewe zinakaa huko chini, lakini zina nyuzi ndefu, zinapanda nazo mpaka sehemu inaitwa striatamu. Huko ndiko dopamini inakomwagwa. Bila hiyo mkono hauwezi kuanza safari. Unataka kuinuka, hauinuki. Sasa za kwake hizo za chini zinakufa."

"Zinauawa na nini?"

"Hakuna anayejua sawasawa."

"Si ndizo unazozikata kila siku wewe?"

"Ndizo, wifi. Lakini nazikata tu."

Nilitaka kumrushia neno jingine, nikamwona macho yamejaa, nikatia ulimi puani.

Dawa alipewa. Zilimsaidia, kisha zikawa zinamsaidia kwa vipindi, asubuhi mtu, mchana gogo. Akafunga kibanda. Akawa anakaa kwenye kiti kimoja sebuleni, mkono wa kulia umelala juu ya paja na kutetemeka peke yake. Kilichoniumiza zaidi ni alichoniambia siku moja nilipompelekea mkate.

"Dada, mwili wangu umenitupa. Siyo kwamba umechoka. Umenitupa, kama mtu anavyotupwa na nduguze."

Hapo nikapata nia yangu, na sikuificha. Nilimtaka arudi kwangu. Mimi nashona nyumbani siku hizi, nipo asubuhi hadi jioni, nina chumba chenye dirisha. Mkewe anaondoka alfajiri kwenda kushinda na tumbili, anamwacha mume na chupa ya chai na kifuniko asichoweza kukifungua. Nilimweleza hivyo mbele ya mkewe. Mdogo wangu akasema, "Tungoje kidogo, dada."

Nikauliza tunangoja nini. Wakatazamana, kama kawaida yao, halafu wifi akasema, "Tunangoja Bosi."

Bosi alikuwa tumbili. Dume, sikio moja limechanika, na jina alilipata kwa sababu alikuwa anakula wa kwanza na kukasirika wa kwanza. Kule maabara walimpa dawa inayoua zile seli za chini, ili awe na ugonjwa kama wa watu, wauchunguze. Mkiniuliza maoni yangu juu ya kumfanyia mnyama hivyo nitawajibu siku nyingine, maana nikianza sitamaliza. Alipopewa dawa Bosi alijikunja, akaganda, karanga ikianguka mbele yake anaitazama tu. Mwenzake wa kizimba cha pili, waliyemwita Jirani, naye alipewa dawa hiyo hiyo na kujikunja vile vile, akawa analishwa kwa mkono.

Jirani alibaki hivyo. Bosi akainuka. Hakuna aliyempa tiba. Alianza kugeuza shingo, kisha kukaa wima, kisha kunyakua. Daktari mkuu wa maabara, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alisema hutokea kwa baadhi yao, na kwamba wangependa sana kujua sababu. Dhana ilikuwepo. Ndani ya striatamu yenyewe, kule dopamini inakopelekwa, kuna seli ndogondogo zinazoweza kutengeneza dopamini zenyewe bila kungoja kuletewa. Kwa tumbili mzima ni chache mno, unaweza kupitisha kioo kizima usikutane nazo. Lakini zile kubwa za chini zikifa, hizi ndogo huongezeka. Huenda za Bosi ziliongezeka kuliko za wengine, ndizo zikamsimamisha. Jibu la hilo ndilo mdogo wangu na mkewe walilokuwa wanalingoja.

Basi wifi yangu akaingiwa na wivu. Wivu hasa, ule wa kukondesha.

Alikuwa anarudi jioni, anavua viatu, anaketi, na kabla ya yote anasema, "Leo kamenya ndizi." Anasema kwa sauti ile ile mtu anayotangazia kwamba jirani kajenga ghorofa. Siku nyingine, "Leo kaokota karanga kwa vidole viwili. Punje moja moja." Na mumewe yuko pale pale mbele yake, anahangaika na kijiko, chai inamwagikia kifuani. Wifi anainuka kumfuta, na midomo ameikaza.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "unamwonea wivu tumbili?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Jibu lake likanizima.

"Sikuombei upone wewe tu, mume wangu," akaendelea, akimgeukia mdogo wangu. "Namwombea na yule aanguke. Naingia asubuhi nasema, leo nitamkuta amejikunja. Namkuta anarukaruka. Kwa nini yeye? Ana mke? Ana kazi? Ana nani anayemngoja?"

Mdogo wangu akasema polepole, kwa ile sauti yake mpya isiyopanda wala kushuka, "Ana karanga," na wote wawili wakaangua kicheko. Mimi nikachelewa kucheka, kama ilivyo desturi.

Nilimwona kwa macho yangu. Maabara yao makoti nawashonea mimi, na siku ya kupeleka makoti mapya walinipitisha ukumbi wenye dirisha refu la kioo. Upande wa pili vizimba vimepangwa. Wifi alikuwa amesimama ndani mbele ya kizimba cha Bosi, mikono mfukoni, hakuniona. Bosi alikuwa ameshika karanga, anaibonyeza, anaipuliza ganda, anatafuna huku anamtazama. Nimeyaona macho ya kila aina ya mwanamke mwenye wivu, na ya kwangu nayajua kwenye kioo. Macho ya wifi yangu pale yalikuwa ya mtu anayemtazama mke mwenza aliyevaa vizuri. Nilikusudia kugonga kioo nimshtue. Sikugonga. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa, na hilo nalo sikulipenda.

Utafiti ulipofika mwisho tumbili walilazwa usingizi wasioamka, Bosi na Jirani na wengine, na bongo zao zikaletwa mezani kwa wifi. Alizikata yeye. Alituambia kwamba alidhani siku hiyo atasikia raha, kwamba hatimaye yule dume amepatikana, na kumbe alipougandisha ubongo wake na kuanza kuukata alikuwa anamwambia kimoyomoyo, "Samahani, baba." Hakupasua kipande hata kimoja. Alivilaza juu ya vioo kwa brashi alizochonga mdogo wangu zamani mkono ukiwa mzima, kisha vikapakwa dawa ambayo hugeuza rangi ya kahawia kila seli yenye uwezo wa kutengeneza dopamini, na nyingine zote huachwa zimepauka.

Sasa kule kwao kuna utaratibu. Vioo vikishakauka, Daktari huchukua visanduku, anabandika utepe mweusi juu ya jina la kila mnyama, anavichanganya, kisha anaandika herufi tu. Anayeketi kwenye hadubini kuhesabu seli haruhusiwi kujua anamwangalia nani. Wifi alilalamika.

"Daktari, mimi nimewakata kwa mikono yangu. Nifichwe nini?"

"Wewe ndiye hasa nakuficha," Daktari akamjibu. "Ukijua, utaona unachotaka kukiona."

Wifi akaketi kuhesabu, kisanduku baada ya kisanduku. Wengi walikuwa na seli chache hapa na pale. Kisha akafungua kisanduku kimoja, akapeleka kioo chini ya lenzi, akaitafuta striatamu, na akazikuta zimejaa. Kahawia, ndogo, zenye mikia mifupi, zimetapakaa kama ufuta uliomwagika mezani. Alihama kioo hadi kioo, ufuta mtupu. Hakuhitaji kubandua utepe. Nani mwingine angekuwa nazo nyingi namna ile? Akavua koti, akaomba ruhusa, akakimbia nyumbani.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja na mita ya kupimia, nimetoka kupima pazia la kile chumba changu chenye dirisha, nataka nimwonyeshe mdogo wangu rangi za vitambaa achague. Wifi akaingia anahema.

"Nimemwona," akasema. "Nimemwona Bosi. Zimejaa, mume wangu, zimejaa mpaka ukingoni! Ndizo zilizomwinua!"

"Kwa hiyo zinaota?" mdogo wangu akauliza.

"Zinaota. Hata kwa mtu zipo, wameshaziona. Kama za yule zimeota, na zako zinaweza."

Mdogo wangu akanigeukia. Uso wake siku hizo ulikuwa umekauka kama barakoa, lakini macho yalikuwa yanacheka. "Dada, usinikasirikie. Siji. Nakaa hapa nangoja zangu ziote."

Nikakunja mita yangu. Nikasema hewala, la muhimu ni afya. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu kama kichaa. Mke kamletea mumewe habari ya uzima, na mimi nimeleta mapazia! Nilitamani awe amekosea. Nasema wazi, nilitamani, na nilipofika nyumbani nikaketi kwenye cherehani nikaendelea kutamani.

Zikapita siku. Nilisikia kwamba mdogo wangu ametoa makopo ya rangi uvunguni, kwamba anafanya mazoezi ya herufi kwenye maboksi yaliyochanwa. Nilisikia kwa watu, sikwenda.

Kisha mchana mmoja wifi akasimama mlangoni kwangu. Hajawahi kuja kwangu bila mumewe tangu waoane. Nilimpa kigoda, akakataa kukaa.

"Wamebandua utepe," akasema.

"Enhe?"

"Haikuwa Bosi."

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Kile kisanduku kilikuwa cha Jirani, wifi. Jirani! Aliyekuwa anashindwa hata kumeza. Ndiye aliyekuwa nazo zimejaa. Bosi alikuwa nazo chache, kama wale wengine. Kilichomwinua Bosi ni kitu kingine, na hakuna anayekijua."

Siwezi kuwadanganya. Furaha ilinipanda mpaka kooni, ikabidi niinamishe uso kwenye kitambaa. Mama Slesi kakosea. Mjuzi wa yote, msoma mabango, kaona alichotaka kukiona, kama alivyoambiwa.

"Na umekuja kwangu kufanya nini?"

"Twende wote. Naogopa kumwambia. Alinisadiki mimi, na nimemwongopea bila kujua. Kama baada ya hapo atataka kuja kwako, basi uwepo umchukue. Sitaki abaki kwenye kiti kile hata siku moja akinitazama."

Ukitaka kumkomoa mtu, usiombe aje mwenyewe kukukabidhi ushindi mkononi. Unakosa ladha. Lakini nilivaa viatu. Nilichukua na mkoba mkubwa wa nguo, mtupu, wa kutilia mashati yake.

Tulimkuta mezani. Ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaukalia ili usimsumbue, na mbele yake boksi lenye herufi zilizolewa. Alituona tumeingia pamoja, akaweka brashi chini.

"Kuna msiba?" akauliza.

Wifi akamwambia. Hakutafuta maneno mazuri wala hakujitetea kwa utepe. Alisema amekosea, akasema ni Jirani, akasema Bosi hakuponywa na seli zile. Alisema akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono chini, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilingoja anyamaze, nikadaka hapo hapo.

"Basi mambo ndiyo hayo, mdogo wangu. Mashati yako yako wapi? Twende kwangu, ukapumzike na habari za tumbili."

Sidhani hata kama alinisikia.

"Jirani," akamwambia mkewe, "ndiye yule mliyekuwa mnamlisha?"

"Ndiye."

"Yule aliyeshindwa kabisa."

"Kabisa."

"Na ndiye aliyekuwa nazo nyingi."

"Nyingi kupita wote. Daktari anadhani upungufu ukizidi ndipo zinapozidi kujitokeza. Zinajitokeza kwa sababu hali ni mbaya. Lakini ni ndogo mno, hazitoshi."

"Na mimi?"

"Kwa watu bado wanabishana. Mimi sijui, mume wangu. Safari hii sitasema nisichokijua."

"Lakini huenda."

"Huenda."

Ule mkono aliokuwa ameukalia ukachomoka, ukaanza kutetemeka juu ya meza, ukiligonga boksi. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kile kicheko chake cha siku hizi kisichofika usoni.

"Miaka yote hii nasema nimetupwa," akasema. "Kumbe huenda humu ndani wamejaa. Huenda wanakesha. Wadogo, hawatoshi, hakuna aliyewaajiri, na wamefungua kibanda hivyo hivyo."

"Mume wangu, hawatakuponya."

"Nimesikia. Sijasema wataniponya." Akainua uso. "Wako sehemu gani hasa? Nionyeshe."

Wifi akasogea, akasimama nyuma ya kiti. Akapeleka mkono kichwani mwake, bila kusita, bila kupapasa, akapenyeza vidole kwenye nywele juu ya sikio, mbele kidogo, akaweka kidole kimoja pale, na upande wa pili kingine. "Hapa," akasema. "Kisha ndani. Huku na huku." Mdogo wangu akafumba macho na kukiegemeza kile kichwa chake mikononi mwa mkewe.

Kichwa kile nimekiosha mimi kwa sabuni ya kufulia, kikilia. Nimekinyoa, nimekitafuta chawa, nimekipiga konzi, nimekibeba begani kikiwa na homa hadi zahanati na kurudi nacho. Hakuna kovu lake nisilolijua limetokana na nini. Na ningeulizwa mimi swali lile, nionyeshe mahali ambapo mdogo wangu bado anajipigania, ningeishia kukipapasa chote kama kipofu. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu mtupu, hakuna aliyenikaribisha kiti, nikamwonea wifi yangu wivu ambao sijapata kumwonea tangu nimfahamu.